Kubebeana Mizigo Katika Njia ya Unyanyembe

Wazee wetu walisema ya kuwa jifya moja haliinjiki chungu. Neno hili twalisikia tangu utoto, nasi twalikubali upesi tunapohimizwa kumsaidia mwenzetu. Lakini lina upande wa pili ambao hatupendi kuutazama, nao ndio huu: mimi nami ni jifya moja, wala siwezi kuinjika chungu changu peke yangu. Kutoa msaada humfanya mtu ajione mkubwa. Kuupokea humfanya ajione mdogo. Kwa sababu hiyo wako Wakristo wengi walio wepesi wa kutoa na wazito wa kupokea. Huugua kimya, hufiwa kimya, hulala njaa kimya, nao huita jambo hilo uvumilivu, kumbe mara nyingi ni kiburi kilichovaa nguo ya heshima.

Sisi tukaao Ntalikwa na vijiji vingine vya kando ya Tabora hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mafundisho juu ya jambo hili. Nchi yetu ya Unyanyembe ilikuwa njia panda ya misafara ya bara. Hapa zilikutana njia tatu: ile itokayo Bagamoyo na pwani, ile iendayo Ujiji na ziwa Tanganyika, na ile ielekeayo kaskazini hata Karagwe na Buganda. Katika njia hizi watu walijifunza, tena kwa taabu nyingi, ya kuwa mtu hawezi kusafiri bila wenziwe.

Desturi za msafara

Mji wa Tabora ulianza kukua kati ya karne ya kumi na tisa, Waarabu walipofanya maskani yao Kazeh kwa biashara ya pembe za ndovu na watumwa. Wazungu wa kwanza waliofika, Burton na Speke, waliingia Kazeh mwezi wa Novemba 1857. Lakini walioijua njia kabla ya hao wote ni Wanyamwezi wenyewe. Walikuwa wapagazi hodari, na kijana hakuhesabiwa kuwa mtu mzima mpaka aone pwani kwa macho yake.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa yapata frasila mbili, maana yake ratili sabini. Safari ya kutoka Bagamoyo hata Unyanyembe ilichukua miezi mitatu au zaidi, na katikati yake kulikuwa na Mgunda Mkali, nchi ya vichaka na kiu. Mbele alikwenda kirangozi, amejipamba ili ajulikane, na nyuma yake watu wote walifuata kwa mstari, mmoja mmoja, kwa kuwa njia ilikuwa nyembamba. Mtu aliyejitenga na wenzake alipatikana na wanyama, au wanyang'anyi, au kiu. Hakuna aliyemwambia mpagazi ya kuwa ushirika ni jambo jema; aliliona kwa mifupa iliyolala kando ya njia.

Tena desturi ya utani ilipata nguvu nyingi katika njia hiyo. Mnyamwezi aliyefika pwani alikuta watani wake kwa Wazaramo na makabila mengine. Mtani alikuwa na ruhusa ya kumdhihaki na kumnyang'anya kitu kwa mzaha. Walakini mtani huyo huyo alikuwa na wajibu. Mgeni alipofikwa na mauti katika nchi isiyo yake, mtani ndiye aliyemwosha na kumzika. Basi mtu aliyekufa mbali na mama yake hakutupwa kama mzoga. Watu hawa hawakuwa wamesikia Injili, lakini walijua ya kuwa hapana aibu kumtegemea mwingine, kwa maana wote walikuwa wasafiri, na zamu ya kila mmoja ilikuwa inakuja.

Wala tusiipambe njia hiyo kwa maneno mazuri tu. Katika njia hiyo hiyo walipita watumwa wenye minyororo shingoni, na wapagazi wengi waliougua waliachwa wafe. Mema na mabaya yalikwenda kwa mguu mmoja, na jambo hili latuingiza katika habari ninayotaka kuieleza kwa urefu zaidi.

Mtu aliyesaidiwa na wale asiowapenda kazi yao

David Livingstone ajulikana kwa wasomaji wote kuwa adui wa biashara ya watumwa. Alisafiri kutafuta vyanzo vya mito, na kila alikopita aliandika mabaya ya biashara hiyo ili watu wa Ulaya wayajue. Lakini katika safari yake ya mwisho, iliyoanza mwaka 1866, Mungu alimfundisha fundisho gumu. Mwanzoni mwa mwaka 1867 sanduku lake la dawa liliibiwa. Mganga akawa hana dawa. Mwanzo wa mwaka 1869 alishikwa na ugonjwa mkali wa kifua, asiweze kutembea hata hatua chache. Ni nani aliyemwokoa? Alikuwa mfanyabiashara Mwarabu, Mohamed bin Gharib. Huyu alimpa dawa, akamtengenezea chakula, akaamuru achukuliwe kitandani mabegani mwa watu, mpaka wakafika Ujiji mwezi wa Machi 1869.

Hebu fikiri moyo wake ulivyokuwa. Mkono uliomlisha uji ulikuwa mkono wa mtu wa biashara ile ile aliyoipinga. Angeweza kukataa, akafa na kiburi chake. Hakukataa. Alipokea, akashukuru, akaandika wema aliotendewa bila kuuficha. Wala kwa kupokea hakuuza dhamiri yake. Mwezi wa Julai 1871 aliona kwa macho yake mauaji ya watu sokoni Nyangwe, katika nchi ya Manyema, yaliyofanywa na watu wa misafara. Aliyaandika yote. Barua yake juu ya mauaji hayo iliwatia watu wa Uingereza uchungu, nayo ikasaidia kuleta mapatano ya mwezi wa Juni 1873, ambayo kwayo Seyyid Barghash alilifunga soko la watumwa la Unguja.

Basi wale wanaouliza kama Mkristo aweza kupokea msaada wa mtu asiye wa imani yake, au wa mtu ambaye matendo yake hayamridhishi, wapate jibu hapa. Apokee kwa shukrani yale yaliyotolewa kwa wema, wala asinyamaze kweli kwa sababu ya kupokea. Katika mfano wa Bwana wetu, yule aliyeanguka kati ya wanyang'anyi aliinuliwa na Msamaria, mtu ambaye Wayahudi hawakutaka hata kunywa maji ya chombo chake. Twapenda sana kujifananisha na Msamaria. Ni mara chache twajifananisha na yule aliyelala njiani, ambaye jambo la pekee alilotakiwa kufanya ni kukubali kuinuliwa.

Na ajabu ni hii, Livingstone mwenyewe aliukumbuka mfano huo. Aliporudi Ujiji mwezi wa Oktoba 1871, amekonda, karibu amekuwa mifupa mitupu, alikuta mali yake yote imeuzwa na mtu aliyekabidhiwa. Akaandika katika daftari yake ya kuwa amekuwa kama mtu yule wa njia ya Yeriko, naye hana tumaini la kupitiwa na yeyote wa kumsaidia. Mwarabu mmoja wa Ujiji, Sayd bin Majid, ambaye mwanawe alikuwa ameuawa miezi michache kabla yake katika vita na Mirambo, alimjia akataka kuuza sehemu ya pembe zake ili ampatie vitu vya kununulia chakula. Livingstone alimshukuru, lakini akasema bado asubiri kidogo. Hata katika shida ile, moyo wa binadamu hutaka kujaribu siku moja zaidi kabla ya kupokea. Siku chache baadaye Susi, mtumishi wake, alikuja mbio kumwambia kuwa Mzungu anakuja. Alikuwa Stanley, pamoja na wapagazi, nguo, dawa na chakula.

Miezi mitano ya Kwihara

Stanley alipokuwa akienda Ujiji alikuwa amekaa Kwihara, karibu na Tabora, kuanzia mwezi wa Juni 1871, akiwa mgonjwa wa homa na amezuiwa na vita. Wakati huo Mirambo, mtemi wa Urambo, alikuwa akipigana na Waarabu wa Unyanyembe, akaifunga njia ya Ujiji, hata sehemu ya Tabora ikachomwa moto mwezi wa Agosti. Stanley alilazimika kuzunguka kwa njia ya kusini. Yeye na Livingstone walirudi pamoja Kwihara tarehe 18 Februari 1872. Katika safari hiyo Stanley aliugua, na Livingstone akamwuguza. Hivyo aliyekuja kusaidia akasaidiwa naye. Tarehe 14 Machi wakaagana, wala hawakuonana tena duniani.

Livingstone akabaki Kwihara miezi mitano, akingojea watu ambao Stanley aliahidi kumpelekea kutoka Unguja. Nyumba ya tembe ya Kwihara ilijengwa upya baadaye, ikatunzwa iwe ukumbusho wake. Mtu aifikapo na aikumbuke miezi hiyo mitano. Mzee yule alikuwa amezoea kwenda. Sasa ilimpasa kukaa na kungoja mwingine atimize neno lake. Aliandika, alisoma, alitengeneza vitu vya safari, alihesabu siku. Kungoja msaada ni kazi ngumu kuliko kuutoa, kwa kuwa mwenye kungoja hana la kufanya ila kuamini.

Neno la Stanley lilitimia. Tarehe 14 Agosti watu zaidi ya 50 walifika. Miongoni mwao walikuwapo vijana waliosoma Nasik, kule Bara Hindi karibu na Bombay, katika shule ya misheni ya watoto wa Kiafrika waliookolewa utumwani. Mmoja wao alikuwa Jacob Wainwright, mwingine Matthew Wellington. Wakajiunga na watumishi wa zamani, Susi na Chuma na wenzao, pamoja na wanawake wa msafara, kama Halima, mpishi. Chuma alikuwa Myao, ambaye Livingstone na wamisionari walimfungua katika minyororo mwaka 1861 akiwa mtoto. Baadaye alibatizwa Bombay. Susi alikuwa mtu wa Shupanga katika mto Zambezi, naye wakati huo hakuwa Mkristo. Tarehe 25 Agosti 1872 wakaondoka Unyanyembe kwenda kusini.

Mzigo mzito kupita yote

Safari hiyo iliwapeleka katika mabwawa ya Bangweulu wakati wa mvua. Livingstone alidhoofika, akabebwa mabegani majini, kisha akabebwa kitandani. Mwanzo wa mwezi wa Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, watumishi wake walimkuta amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Watu wale sasa walikuwa huru. Bwana wao amekufa, hakuna aliyewaamuru, na nyumbani ni mbali. Tena katika nchi nyingi kuchukua maiti kulihesabiwa kuwa mkosi, na aliyekutwa nayo aliweza kutozwa faini au kuuawa. Walifanya shauri wote pamoja, wakaamua kumpeleka kwa watu wake. Kwanza walitaka kukificha kifo kwa Chitambo. Lakini mtemi yule alikwisha kusikia, akawaambia wasiogope, akaja na watu wake kuomboleza pamoja nao. Ni msaada tena, kutoka mahali wasipoutazamia.

Wakagawanya kazi kama jamaa moja. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Unguja, aliupasua mwili. Moyo ukazikwa chini ya mti, na Jacob Wainwright akasoma sala za maziko, kisha akachora jina na tarehe katika gome la mti huo. Mwili ukatiwa chumvi, ukakaushwa juani siku kumi na nne, ukafungwa katika nguo, kisha katika gome la mti, kisha katika turubali. Ukawa mzigo wa kuchukuliwa na watu wawili kwa mti mmoja. Mara baada ya kuondoka karibu wote waliugua, wakasimama siku nyingi. Wengine wao walikufa. Walivuka mto Luapula, wakapita nchi za njaa na nchi za vita, wakafika Unyanyembe mwezi wa Oktoba 1873.

Hapa Unyanyembe walimkuta Cameron pamoja na wenzake Dillon na Murphy. Wazungu hawa walitumwa kutoka Uingereza wamsaidie Livingstone, lakini homa ilikuwa imewaangusha wote, wengine karibu kupofuka. Cameron aliwashauri wauzike mwili hapa, kwa kuwa hatari ya mbele ni kubwa. Waliusikiliza ushauri kwa adabu, wakaukataa. Si kila msaada unaotolewa ni wa kukubaliwa. Ushauri uwezao kuvunja ahadi njema, mtu ana ruhusa ya kuukataa pasipo kumdharau aliyeutoa. Walakini walikubali kusafiri pamoja na Dillon na Murphy, wagonjwa na wazima katika msafara mmoja. Dillon alifariki mwezi wa Novemba, wangali karibu na Unyanyembe.

Kule Kasekera wenyeji walipopata habari ya maiti wakakataa isipite. Ndipo watu wale wakafanya hila. Usiku waliutoa mwili katika gome, wakaufunga upya ufanane na mtumba wa nguo za biashara. Kisha wakafunga mabua kama maiti, wakawatuma watu sita warudi nayo kwa matanga kuelekea Unyanyembe, kana kwamba wanakwenda kuzika. Wale sita walipofika porini wakayatupa mabua, wakajipenyeza mmoja mmoja usiku mpaka wakawafikia wenzao. Angalia jambo hili: mmoja tu katika wote angesema neno, kazi ya miezi mingi ingepotea. Hakuna aliyesema. Walikuwamo Wakristo na wasio Wakristo, wenye kusoma na wasiosoma, na kila mmoja aliuweka uhai wake mikononi mwa mwenziwe.

Mwezi wa Februari 1874 wakafika Bagamoyo, wakaupumzisha mwili katika misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu. Mtu aliyekuwa Mprotestanti alilazwa usiku katika nyumba ya Wakatoliki, akiwa ameletwa na watu wa imani mbalimbali. Tarehe 18 Aprili alizikwa London, katika kanisa la Westminster. Katika wote waliombeba, Jacob Wainwright peke yake alikuwapo. Susi na Chuma walifika Uingereza baada ya maziko, wakasaidia kuyaeleza madaftari yake yapate kupigwa chapa. Wengine walilipwa ujira wao Unguja wakatawanyika. Na Chama cha Jiografia cha Uingereza kilipowafanyia nishani za fedha, wengi walikuwa hawaonekani tena. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882. Susi alibatizwa mwaka 1886, akaitwa David, akafariki mwaka 1891. Na Jacob Wainwright, aliyesoma sala chini ya ule mti, alifariki Urambo mwaka 1892, katika nchi yetu hii.

Mafundisho kwa ushirika wetu

Mtume Paulo aliwaandikia Wagalatia maneno mawili yanayoonekana kupingana. Awaambia wabebeane mizigo, na baada ya maneno machache asema ya kuwa kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe. Wasomi wameyaandikia mengi maneno haya, lakini nadhani mpagazi wa Kinyamwezi angeyaelewa mara moja. Kila mtu katika msafara alikuwa na mzigo wake, wala hakuweza kuutupa kwa uvivu. Lakini alipoanguka, mzigo ulikuwa lazima ufike, basi wenzake waligawana. Asiyebeba chake ni mnyonyaji. Asiyekubali kubebewa alipoanguka auzuia msafara wote.

Basi tuyachunguze makutaniko yetu. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na misafara ya miguu ikaisha. Mtu aweza sasa kusafiri peke yake mpaka pwani bila kumjua aliyeketi kando yake. Hili ni jema kwa miguu, lakini si jema kwa mioyo, ikiwa tumejifunza kuishi hivyo hata kanisani. Wako wajane wanaofika Jumapili kwa nguo safi, kumbe nyumbani hamna unga. Wako waalimu wenye deni wanaoona haya kumwambia mzee wa kanisa, mpaka deni liwe kashfa. Wako wagonjwa wanaosema hawajambo. Tena wako watu waliokosana na jirani, nao wangali wanangoja aje kwanza. Watu hawa wote wana wenzao karibu, lakini wanatembea nje ya mstari, mahali simba anapongoja.

Jambo la kwanza, mwenye shida na aseme. Wenzake hawawezi kubeba mzigo wasiouona. Hata Musa mikono yake ilipolegea mlimani alikubali Haruni na Huri waishike, na Israeli wakashinda vita kwa mikono iliyoshikwa.

Jambo la pili, mwenye kusaidia na asimfanye mwenziwe kuwa mdogo. Mohamed bin Gharib hakumtaka Livingstone amsifu ndipo ampe uji. Msaada unaotangazwa huwa kama hongo ya njiani: mtu hulipa kwa heshima yake ili apite.

Jambo la tatu, tuyakumbuke majina ya wabebaji. Dunia ilimjua aliyebebwa. Waliombeba, wengi wamesahauliwa. Katika kila ushirika wako akina Halima na Farijala, wapikao, waoshao wagonjwa, wachimbao makaburi. Wao wakiugua, na wasiachwe njiani.

Bwana wetu mwenyewe, alipokuwa akipanda kwenda Golgotha, msalaba wake ulibebwa na Simoni Mkirene, mtu aliyekuwa akitoka shamba. Yeye aliyeumba mbingu na nchi hakuona haya kubebewa. Sisi tulio wapagazi wake, wenye mizigo midogo na safari fupi, tutaona haya ya nini?